CHEMBE ISIYOKATIKA: Jinsi Atomu Ilivyopata Kujulikana

Twaa kipande cha chuma, ukikate katikati. Kisha nusu yake uikate tena, na tena. Je, utafika mahali ambapo hakikatiki kamwe? Swali hili liliulizwa huko Uyunani yapata miaka 400 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mwenye hekima mmoja, jina lake Democritus, alijibu kwamba mwisho wa kukata ni chembe ndogo mno, akaiita "atomos", maana yake, kisichokatika. Lakini hakuwa na njia ya kulihakikisha neno lake, na kwa karne nyingi wengi walilikataa.

Aliyelitia neno hilo katika mizani ni John Dalton, mwalimu wa Manchester, Uingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1808 alieleza kwamba kila elementi ina atomu za namna yake, zenye uzito wake, na kwa sababu hiyo vitu huungana kwa vipimo visivyobadilika. Tazama maji safi: yawe ya mvua au ya ziwa, kila ratili 1 ya hidrojeni imeungana na ratili 8 za oksijeni. Hata hivyo, Dalton naye aliamini kwamba atomu haivunjiki.

Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge aligundua elektroni, chembe ya umeme ambayo uzito wake ni kama sehemu moja tu katika 1,800 ya atomu ya hidrojeni. Basi kumbe atomu ina vitu ndani yake! Thomson akadhani elektroni zimetawanyika humo kama zabibu kavu katika mkate.

Mwanafunzi wake, Ernest Rutherford, mwana wa mkulima wa New Zealand, hakutosheka na kudhani. Kuanzia mwaka 1909, huko Manchester, wasaidizi wake Geiger na Marsden walirusha chembe za alfa kwenye bamba la dhahabu jembamba mno. Kama Thomson angalisema kweli, zote zingalipita bila kupinda sana. Nyingi zilipita, lakini chache zilirudi nyuma. Mtu akitupa mawe gizani kichakani, mengi yakapita na moja likamrudia, atajua kwamba mna shina gumu ndani. Ndivyo Rutherford alivyotambua, mwaka 1911, kwamba atomu ni uwazi mtupu kwa sehemu kubwa, na katikati yake mna kiini kidogo kizito.

Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alieleza jinsi elektroni zinavyokaa kuzunguka kiini, na mwaka 1932 James Chadwick, mwanafunzi wa Rutherford, aligundua nyutroni. Kwa nyutroni hizo Otto Hahn na Fritz Strassmann walikipasua kiini cha urani huko Berlin, mwaka 1938. Nguvu iliyofunguliwa hivyo iliangamiza Hiroshima na Nagasaki Agosti 1945; nguvu iyo hiyo huendesha mitambo ya umeme katika nchi nyingi.

Msomaji na aangalie jambo hili: Rutherford alimsahihisha mwalimu wake, wala heshima ya Thomson haikupungua. Katika elimu, neno halisimami kwa sababu ya ukubwa wa msemaji. Husimama likijaribiwa na kuonekana kweli.