Kamba ya Bakteria Mizizini

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliokwisha kutoka shuleni mkashika majembe: ng'oeni mche wa maharage taratibu, msuuze udongo. Mizizini mtaona vinundu vidogo. Pasueni kimoja, kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Humo wamo bakteria waitwao Rhizobium, nao huigeuza naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Kwa mkulima wa kisiwa cha Chisenga hiyo si habari ndogo, maana kila mfuko wa mbolea sharti uvushwe majini.

Lakini kabla ya kuingia mzizini, bakteria sharti ashike asichukuliwe na maji. Hufanya kama mvuvi afikapo ufukoni: kwanza hushika kwa mkono, ndipo afunge kamba. Kamba hiyo ni nyuzi za selulosi, kitu kile kile kilichomo katika pamba na karatasi.

Jambo hili limechunguzwa sana katika ndugu yake mbaya, Agrobacterium, afanyaye uvimbe katika mashina ya mawaridi na miti ya matunda. Mwaka 1983 Bi. Ann Matthysse wa Marekani alionyesha kwamba bakteria wasioweza kutengeneza selulosi huondolewa kwa urahisi, kwa maji tu, katika jeraha la mmea. Mwaka 1995 yeye na wenzake walitangaza jeni 5 za kazi hiyo, celA mpaka celE. Jeni, kama tujuavyo, ni agizo la urithi. Likiharibika, kamba haisukwi.

Je, nani aamuruye kamba isukwe lini? Selulosi ni sukari iliyoungwa, na sukari ni akiba ya bakteria. Si kitu cha kumwaga ovyo. Jibu lilitoka kwa bakteria wa jamii ya wale wafanyao siki. Mwaka 1987 Moshe Benziman wa Jerusalem na wenzake walieleza molekuli ndogo iitwayo c-di-GMP. Ikizidi, kimeng'enya cha selulosi hufanya kazi kwa nguvu. Ikivunjwa, kazi hupungua. Viko vimeng'enya viifanyavyo na viivunjavyo, navyo pia hutokana na jeni. Baadaye molekuli hiyo ilionekana katika Agrobacterium pia.

Nisiwadanganye: Rhizobium asiye na nyuzi aliweza bado kuingia mizizini na kufanya vinundu. Ila majaribio hayo yalifanywa maabarani, pasipo mvua ya Januari.