SOMO: MASHINI INAYOKESHA NA MOYO

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika moja. Ni kama mpiga ngoma mzuri: kati ya pigo na pigo nafasi ni sawa.

Ugonjwa ni nini?

Kwa watu wengine, zaidi kwa wazee, vyumba viwili vya juu vya moyo vinatetemeka tu, havisukumi damu vizuri. Mapigo yanakosa mpango: mawili yanakuja upesi, lingine linachelewa. Damu inayokawia ndani ya chumba inaweza kuganda. Donge lake likifuata mshipa mpaka kwenye ubongo, mtu anapooza upande mmoja, ao anapotewa na usemi, ao anakufa. Mwenye ugonjwa huu ana hatari ya kupooza karibu mara tano kuliko mwenzake.

Kwa nini munganga haoni?

Mgonjwa anasema: «Munganga, usiku moyo wangu uliruka-ruka.» Munganga anampima, anaona mapigo ni sawa. Mgonjwa hakusema uongo, wala mashini haikudanganya. Mashini ya hospitali inaandika mapigo ya sekunde 10 hivi tu, na ugonjwa huu, zaidi katika mwanzo wake, unakuja na kuondoka kama mwizi. Mlinzi anayepita mara moja hamkamati mwizi. Anayekesha ndiye anayemkamata.

Mashini ya kuvaa

Norman Holter wa mji wa Helena, katika Marekani, alitafuta njia ya kupima moyo wa mtu anayetembea. Mashini yake ya kwanza, katika mwaka wa 1947, ilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi, ikabebwa mgongoni. Leo yenye jina lake inaingia mfukoni. Nyuzi zake zinabandikwa kifuani, nayo inaandika kila pigo kwa saa 24 ao 48. Kuna pia kibandiko kidogo kinachokaa kifuani mpaka siku 14.

Tena kuna saa za mkono zinazotazama damu kwa mwanga. Katika Marekani watu zaidi ya 419,000 walivaa saa ya Apple Watch ili ichunge moyo, na matokeo yalitangazwa katika mwaka wa 2019. Saa ilionya watu 2,161. Watu 450 kati yao walivaa kibandiko kisha, na 34 kwa kila 100 walionekana kuwa na ugonjwa huo. Basi saa ikionya, usihangaike, lakini nenda kwa munganga apime. Na saa ikinyamaza, nawe unasikia moyo unaruka-ruka, nenda vilevile.

Ukipewa mashini, fanya hivi:

1. Usiivue kabla ya siku iliyowekwa. Pengine mwizi atakuja saa ile uliyoivua.
2. Fanya kazi zako za kila siku. Usilale tu.
3. Uliza kama inaweza kupata maji.
4. Ukisikia moyo unaruka-ruka ao kizunguzungu, andika saa na kazi uliyokuwa ukifanya. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake aandike.

Kama hakuna mashini

Weka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba. Hesabu dakika moja nzima. Mapigo yakikosa mpango, mwambie munganga. Kuna dawa za kuzuia damu isigande, lakini usizinywe bila yeye, kwa kuwa zinaweza kutokeza damu nyingi.

Mtu akianguka na kuzimia, akiumwa sana kifuani, ao uso ukipinda na mkono ukilegea, msingoje mashini. Mpelekeni hospitalini mara moja.

Maulizo

1. Kwa nini mashini ya hospitali inaweza kukosa kuona ugonjwa huu?
2. Damu iliyoganda moyoni inaleta hatari gani?
3. Mwenye kuvaa mashini aandike nini?
4. Leo hii, hesabu mapigo ya mzee mmoja wa nyumbani kwako. Yana mpango?