Askofu Remigius na Ubatizo wa Mfalme

Somo: Waebrania 13:7

Twaulizwa mara kwa mara: Je, imetupasa kuwaheshimu watakatifu wa kale? Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 latufundisha tuwakumbuke, tuifuate imani yao na matendo yao mema, kila mtu katika wito wake; bali tusiwaombe, kwa kuwa Mwombezi wetu ni mmoja, Kristo. Basi na tumwangalie mmoja wao.

Remigius alikuwa askofu wa Reims, katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Nchi ile ilitwaliwa na Wafranki, na mfalme wao, Clovis, aliabudu miungu. Remigius alimwandikia barua, akimwonya awatunze wajane na yatima na kuwakomboa mateka. Tena Clotilde, mke wa mfalme, aliyekuwa Mkristo, alimsihi mumewe siku nyingi. Hata karibu na mwaka 500 Remigius alimbatiza. Askofu Gregory wa Tours, aliyeandika habari hizi katika karne ile iliyofuata, asema kwamba askari zaidi ya 3,000 walibatizwa pamoja naye.

Labda twasema: Laiti kila malafyale angalifanya hivi! Lakini tusome mbele. Gregory huyo huyo asimulia ya kuwa Clovis, akiisha kubatizwa, aliwaua jamaa zake ili atawale peke yake. Kichwa kilikuwa kimepata maji, bali moyo ulikuwa ungali na kiu ya mafundisho.

Kwetu Rungwe mambo yalianza kwa njia nyingine. Wamisionari wa Moravian walifika mwaka 1891. Miaka mingi wakafundisha, na wa kwanza kubatizwa huko, mwaka 1897, hakuwa malafyale, bali mwanamke, Fiabarema. Akapewa jina Numwagire, maana yake, "Nimempata." Miaka sita, mtu mmoja! Lakini yeye alikuja kwa kuwa amempata Bwana, wala si kwa kumfuata mkubwa wake.

Nasi wachungaji tukiri kosa letu. Siku ya ubatizo twahesabu vichwa kwa furaha. Baada ya mwaka, wangapi tungali tukiwajua kwa majina? Remigius twamkumbuka kwa haki, kwa kuwa alimwonya mfalme pasipo hofu. Lakini kazi ya mchungaji haiishii kisimani pa ubatizo. Hapo ndipo inapoanza.

Maswali ya kujifunza:
1. Kuna tofauti gani kati ya kumkumbuka mtakatifu na kumwomba?
2. Clovis alikosa nini baada ya kubatizwa?
3. Katika mtaa wako, ni nani aliyebatizwa, naye hajatembelewa tena?