Kirusi cha Chunjua na Saratani ya Umio

Kila mwanafunzi aliyesoma elimu ya viumbe anajua kwamba tonge likisha kumezwa haliangukii tumboni kama jiwe kisimani. Hupita katika mrija wa nyama uitwao umio, ambao urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 25, nao hulisukuma polepole mpaka lifike. Mrija huu waweza kupatwa na saratani, yaani chembe hai zake zikaacha utaratibu wa mwili na kuongezeka ovyo, mpaka njia ya chakula ikazibika.

Katika nchi nyingi maradhi haya si ya kawaida, lakini kwetu ni jambo kubwa. Liko eneo refu linaloanzia Ethiopia, likapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, mpaka Afrika Kusini, ambamo saratani ya umio huonekana kwa wingi kuliko sehemu nyingine za bara hili. Kwa hiyo yafaa tuzijue sababu zake. Katika somo hili tutatazama sababu moja inayotajwa mara kwa mara: virusi vya papiloma, ambavyo baadhi yake huleta chunjua.

Aina za saratani ya umio

Aina kubwa ni mbili. Ya kwanza huanza katika chembe bapa zinazotandika ndani ya umio, na hiyo ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki. Ya pili huanza katika chembe za namna ya tezi, mara nyingi karibu na tumbo, nayo huonekana zaidi Ulaya na Marekani. Zaidi ya hizo ziko aina zinazotokea kwa nadra sana. Mojawapo hukua polepole ikiwa na umbo la chunjua kubwa. Umbo hilo ni moja ya mambo yaliyowafanya wataalamu waulize: je, kirusi cha chunjua kina mkono hapa?

Virusi vya papiloma

Virusi hivi vina aina zaidi ya 200 kwa binadamu. Aina nyingi hazina madhara makubwa, lakini chache huleta saratani. Mwaka 1933 Richard Shope wa Marekani alionyesha kwamba vivimbe vya ngozi vya sungura wa porini vililetwa na kirusi cha jamii hii. Mwaka 1983 Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake walieleza juu ya kirusi cha papiloma namba 16, na mwaka uliofuata namba 18, walivyovipata katika saratani ya mlango wa kizazi. Kazi hiyo ilimpatia zur Hausen tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili ndizo zinazosababisha kama saratani 70 katika kila 100 za mlango wa kizazi. Imethibitika pia kwamba namba 16 huleta saratani ya sehemu ya nyuma ya ulimi na ya tonsili.

Basi, ikiwa kirusi hiki kinadhuru koo, kwa nini kisidhuru umio ulio jirani? Swali hili ni la haki. Mwaka 1982 Kari Syrjänen wa Finland alieleza kwamba katika baadhi ya saratani za umio aliona mabadiliko yaliyofanana na yale ya chunjua. Kabla yake, mwaka 1978, W. F. H. Jarrett na wenzake waliandika habari za ng'ombe wa nyanda za juu za Scotland. Ng'ombe hao walikuwa na vivimbe vya papiloma njiani mwa chakula, na walipokuwa wakila pia jani la porini lenye sumu, la jamii ya kangaga, vivimbe hivyo viligeuka saratani. Hapo kirusi hakikutenda peke yake. Kilisaidiwa na sumu.

Kupima ushahidi

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima ajua kwamba si kila wingu lina mvua. Kukiona kirusi ndani ya uvimbe hakutoshi kukihukumu, maana huenda kimepita njia tu. Ni lazima tuone kikifanya kazi.

Kazi yake inajulikana. Kirusi hiki hutengeneza protini mbili, E6 na E7, ambazo huwaondoa walinzi wa chembe hai. Mlinzi mmoja huitwa p53. Katika saratani iliyoletwa na kirusi, maandishi ya urithi ya p53 kwa kawaida huwa mazima, kwa kuwa protini ya kirusi ndiyo inayomwangamiza mlinzi huyo. Katika saratani nyingi za umio mambo ni kinyume: maandishi yenyewe yameharibika. Tena, wachunguzi wa nchi mbalimbali wamepata majibu yasiyolingana, wengine wakikiona kirusi mara nyingi, wengine wasikione kabisa. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2017 haukuona kwamba kirusi hiki ndicho chanzo cha saratani za umio ulizozipima. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba kwa saratani ya umio kirusi hiki kimeshukiwa, lakini hakijathibitishwa.

Yatupasayo

Jambo hili lina maana nyumbani. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya virusi hivi kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Wazazi wasiinyime nafasi, kwani huwakinga binti zao na saratani ya mlango wa kizazi. Lakini mtu asidhani kwamba chanjo hiyo imemaliza hatari ya umio. Tumbaku na pombe zimethibitika kuudhuru. Tena mwaka 2016 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lilitangaza kwamba kinywaji chenye joto la kupita digrii 65 pengine huleta saratani hii. Huko Kilimanjaro, watu waliopimwa walianza kunywa chai ikiwa na wastani wa digrii 70 na kidogo. Kuiacha chai ipoe kwa dakika chache hakugharimu hata senti.

Na mtu akiona ugali au nyama inakwama kifuani, kisha hata uji unapita kwa shida, huku anakonda, asingoje. Aende hospitali mapema, maana ugonjwa huu ukichelewa kuonekana huwa mgumu kutibika.

Maswali

1. Kwa nini kukiona kirusi ndani ya uvimbe si ushahidi wa kutosha?
2. Ng'ombe wa Scotland wanatufundisha nini juu ya sababu zinazotenda pamoja?
3. Pima joto la chai nyumbani inapomiminwa, kisha kila baada ya dakika mbili. Huchukua muda gani kushuka chini ya digrii 65?