Mteja akiandika "hold off", usimwite boda! Kiingereza cha inbox kinachogusa hela yako

Leo tunapiga somo la Kiingereza, kile ambacho mteja anakuandikia saa tano usiku akiuliza bei.

Kwenye simu yako kuna watu wa aina hii: mgeni anayeishi Masaki au Mikocheni, mteja wa Nairobi, Mtanzania aliyeko nje anayemnunulia mama yake zawadi, na yule muuzaji wa Guangzhou unayeagiza kwake. Wengi wao wanatumia maneno mepesi tu. Hold, put, call, pick, pay. Unayajua yote. Shida ni kale kaneno kadogo kanakofuata: on, off, up, out, back. Hako ndo kanabeba maana.

Angalia hizi mbili:
"Please hold on." = Subiri kidogo, nakuja.
"Please hold off on the delivery." = Usitume mzigo kwanza mpaka nikuambie.

Neno la kwanza ni lilelile. Ukikosea ya pili, boda anatoka Mbagala hadi Tegeta na kurudi na mzigo, na nauli ni juu yako.

Kwa nini inatuchanganya?
Shule ya msingi wengi wetu tulisoma kwa Kiswahili, Kiingereza cha masomo yote tukakikuta kidato cha kwanza. Tukakariri ya vitabuni: postpone, cancel, reduce, return. Mteja haandiki hivyo. Anaandika put off, call off, knock off, send back. Maana ni zilezile, nguo tu ndo tofauti.

Na sisi tunayo haya mambo. Piga simu, piga pasi, piga picha, piga mswaki. Mgeni akitafsiri "piga" pekee yake atajua unaichapa pasi. Sisi pia tunabadilisha mkia wa neno: rudi na rudisha, lipa na lipia. Wao badala ya mkia wanaongeza kaneno pembeni. Kwa hiyo soma maneno hayo mawili kama neno moja. Usiyatenganishe.

1. Kwenye oda
"I have to put off the order till Friday." = Oda ipo, imesogezwa mpaka Ijumaa. Mtunzie.
"I have to call off the order." = Oda imekufa. Mzigo uko huru, muuzie mwingine.
"Go ahead." = Endelea, nimekubali.
"I'm backing out." = Najitoa.

Hizo mbili za juu ndo hatari. Ukidhani put off ni kufuta, utamuuzia mtu mwingine gauni la mteja ambaye Ijumaa anakuja na hela mkononi. Ukidhani call off ni kusogeza, utakaa na mzigo wiki nzima unamsubiri mtu asiyekuja.

2. Kwenye bei
"Can you knock off 5,000?" = Nipunguzie 5,000. Kama kiatu ni 35,000 anataka kukichukua kwa 30,000.
"Is it a knock-off?" = Hiki ni feki?
Umeona? Wa kwanza anapatana bei, wa pili ana wasiwasi na bidhaa. Ukimjibu wa pili "Yes, no problem" ukidhani anaomba punguzo, umekiri mwenyewe kwamba unauza feki.

"Mark up" ni kupandisha bei, "mark down" ni kushusha. Ukinunua gauni Kariakoo kwa 18,000 ukaliuza 25,000, ile 7,000 uliyoongeza wanaiita mark-up. Kumbuka nauli na mfuko vinatoka humohumo.

"This is a rip-off." = Unaniumiza, bei ni ya kunyonya. Usipaniki wala kurusha maneno. Mweleze ubora wa kitu, akikataa mwache aende salama.

3. Kwenye mzigo
"Can I pick it up?" = Naweza kuja kuchukua mwenyewe?
"Can you drop it off?" = Unaweza kuniletea?
Hapa swali la pesa ni moja: nani analipa usafiri? Akisema drop off, mtajie gharama hapohapo kabla hujafunga mzigo.

"Send back" ni kurudisha bidhaa. "Sold out" ni imeuzwa yote. "Run out of" ni kuishiwa. Badala ya kuandika "size 40 is finish", andika hivi: "Sorry, we have run out of size 40. We have 39 and 41." Umempa taarifa na njia ya kununua kwa pamoja.

4. Kwenye hela
"I'll pay you back." = Nitakurudishia hela yako.
"I'll pay off the balance on Saturday." = Jumamosi namalizia deni lote, siyo kupunguza.
"Pay up" = Lipa! Hii usimwandikie mteja, inasikika kama unamdai kwa ukali. Andika "Please send the balance today."

Mtego mkubwa: kaneno kanahama
Mara nyingine kanakaa mwisho kabisa wa sentensi. Mfano: "I need to put the Saturday delivery off." Ukisoma haraka unaona "I need" na "Saturday delivery", unampigia boda. Kumbe kale "off" ka mwishoni kanasema mzigo wa Jumamosi usogezwe. Soma mpaka nukta.

Na wewe ukiandika, "it" na "them" vinakaa katikati: pick it up, drop it off, call it off. Ukiandika "pick up it" watakuelewa, ila siyo sahihi.

Ukiwa huna uhakika
Usibahatishe na hela yako. Rudia alichosema kwa maneno mepesi:
"Just to confirm: you still want it, but on Friday?"
"So I should not send it today. Correct?"
Mteja hatakuona hujasoma, atakuona makini. Kama anaishi hapahapa Dar, mwombe aandike Kiswahili, wengi wanakijua. Ukitumia programu ya kutafsiri, weka sentensi nzima. Ukiweka neno mojamoja itakupa shika, weka, ita, na hutaelewa kitu.

Namna ya kujifunza: usikariri orodha ndefu. Chukua daftari lako la mauzo, ukurasa wa nyuma andika sentensi tatu kila wiki kutoka kwenye inbox yako mwenyewe. Sentensi nzima, na ulichotakiwa kufanya. Hizo ndo zitajirudia kwenye biashara yako.

Zoezi
Mteja kaandika hivi. Wewe unafanya nini?
1. "Can you put it off till Monday?"
2. "Sorry, I'd like to call it off."
3. "Could you knock off 2,000 if I pick it up myself?"

Weka majibu kwenye komenti, tusahihishane. Na mtumie hii mwenzako anayeuza mtandaoni kabla boda wake hajaondoka.