Mafuta Yanatoka Wapi? Somo Kutoka Gereji ya Ruiru



Mlezi wa chama chetu alipotutaka tuandike juu ya msamiati wa kazi, wenzangu wengi walikimbilia bahari, ukulima na hospitali. Mimi bahari nimeiona mara moja tu. Ninachokijua ni gereji ya mjomba wangu pale Ruiru, upande wa Kihunguro, ambako likizo zangu nyingi huishia chini ya magari ya watu. Basi nitaeleza jinsi mvujo wa gari unavyotafutwa na kuzibwa, na njiani tutaokota maneno machache ya kutufaa.

Tuanze na maneno hayo. Katika insha zetu tumezoea neno moja, kuvuja, tukidhani limetosha. Halitoshi. Chombo kikiwa na ufa, kinavuja, na kilichomo ndani kinavuja vilevile. Kikitoka tone moja moja, kinatona. Kikishuka kwa uzi mwembamba kinachuruzika, na uzi ukinenepa kinatiririka. Kikitoka kwa nguvu na kuruka juu, hapo tunasema kinafoka. Mafundi wana neno jingine ambalo sijaliona likitumiwa hivyo darasani: injini "inatoa jasho". Maana yake ni kwamba kuna unyevu kwenye kiungo, vumbi limeshika, lakini hakuna tone linaloanguka. Fundi akisikia jasho hukuambia uende zako urudi baada ya mwezi. Akisikia kufoka, atakuzuia usiondoke. Kwa hiyo kitenzi peke yake kinaweza kuamua kama utalala na gari nyumbani au utaliacha gereji.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza ya rangi ya samawati, ya gia za mkono, yenye turbo, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika. Sina haja ya kueleza kwa nini vijana wa Kenya wanalipenda gari hili. Patrick Njiru aliendesha Subaru katika Safari Rally miaka ya 1990, na mwaka wa 1997 Colin McRae akashinda mashindano hayo kwa Impreza. Wengi wanaozinunua leo hawakuwa wamezaliwa wakati huo, lakini mlio wa injini ile wanautambua kabla gari halijakata kona.

Mwenyewe alikuwa kijana wa Makongeni, Thika.

"Mzee, mafuta inavuja," akamwambia mjomba. "Kuna fundi kule Thika amesema ni raki ya usukani. Ati nibadilishe yote."

(Mafuta yanavuja, bila shaka, nomino hii huchukua YA. Lakini nimekaa gereji muda wa kutosha kujua kwamba sarufi mbovu haijawahi kuzuia nati kufunguka, basi nilinyamaza.)

Raki ni ule mtambo mrefu ulio chini, kati ya magurudumu ya mbele, unaopokea mzunguko wa usukani na kuugeuza kuwa msukumo wa kulia na kushoto. Kuinunua na kuifunga si mchezo. Pesa aliyokuwa nayo kijana yule ilikuwa ya karo ya dada yake wa chuo, na alikuwa amekwisha kuamua kuitumia, maana usukani ulianza kuwa mzito katika kona na moshi mwepesi ulikuwa ukipanda kutoka chini ya boneti. Hofu yake ilikuwa ya haki. Mafuta ya usukani yakiisha, usukani haukatiki, lakini unakuwa mzito ghafla, na hilo likikupata katikati ya kona utalikumbuka. Tena yakidondokea ekzosi iliyopata moto, yanaweza kuwaka.

Mjomba hakugusa spana. Alimwomba aliache gari hadi kesho, kisha akanituma nikalete katoni.

Hii ndiyo hatua ya kwanza, na haina gharama. Katoni kubwa ilikunjuliwa ikawekwa chini ya sehemu ya mbele ya gari. Nikachora kwa chaki mahali magurudumu yalipo, nikaandika MBELE upande mmoja, kwa sababu katoni ikishatolewa haikumbuki ilikuwa imeelekea wapi. Asubuhi tulikuta doa moja, kubwa kama kifuniko cha sufuria, na vitone vichache kando yake.

Doa husomwa kwa macho, kwa pua na kwa vidole. Oili ya injini ni ya kahawia, na ikishatumika huwa nyeusi. Mafuta ya gia boksi za mkono ni mazito na yananuka kiberiti, harufu inayokaa kwenye nguo siku mbili. Maji ya rejeta mara nyingi ni ya kijani, ingawa siku hizi yapo ya rangi nyingine, na yana harufu ya utamu; usiyaonje kamwe, ni sumu, na usiyaache mahali mbwa au mtoto anaweza kuyafikia. Mafuta ya breki ni mepesi, ya manjano hafifu, na hubabua rangi ya gari. Doa la breki halisubiri katoni ya pili: gari haliendi popote. Maji safi yasiyo na harufu, yanayotona baada ya mwendo wa jua kali, ni ya kipoza hewa tu, wala si ugonjwa.

Doa letu lilikuwa jekundu. Mekundu ni mafuta ambayo mafundi huyaita ATF. Hutumika katika gia boksi za kujiendesha zenyewe na katika usukani wa magari mengi. Sasa angalia jinsi swali linavyopungua: gari hili ni la gia za mkono, na gia boksi yake haitumii mafuta mekundu. Basi umebaki usukani peke yake. Mpaka hapo fundi wa Thika hakuwa amekosea.

Lakini usukani una sehemu nyingi: kikopo cha mafuta, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, mabomba, na ile raki. Doa lilikuwa karibu chini ya raki, na raki yenyewe ilikuwa imelowa chapachapa. Hapo ndipo wengi hutoa hukumu. Mjomba alianza kazi Thika, katika kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanzishwa mwaka wa 1974 kwa jina la Leyland Kenya, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na ana kanuni moja ambayo huwarudia vijana wake hadi wanachoka: mafuta hushuka, na upepo huyasukuma nyuma. Gari likienda kasi katika barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka wa 2012, tone lililotoka juu ya injini linaweza kupeperushwa hadi mahali ambapo halina uhusiano napo. Kwa hiyo usitafute mahali palipolowa sana. Tafuta mahali palipolowa palipo juu zaidi na mbele zaidi.

Huwezi kupaona kukiwa na uchafu wa miaka. Tulifunika altaneta kwa mfuko wa plastiki, tukasugua pampu, mabomba na raki kwa brashi na sabuni ya kuondoa grisi, tukasuuza kidogo kidogo, tukakausha kwa hewa ya kompresa. Wapo wanaoosha kwa petroli. Mimi hilo sitaki hata kulijadili. Nimemwona mtu mmoja mwenye mkono ulioungua.

Kisha mjomba akatoa poda ya mtoto. Ndiyo, poda ile ile ya dukani. Aliinyunyiza kila mahali palipokaushwa, pampu ikawa nyeupe kama mandazi yenye sukari. Poda kavu ikiguswa na mafuta hubadilika rangi mara moja, na mstari wa mafuta husomeka kama wino kwenye karatasi.

Injini ikawashwa. Mwenye gari akageuza usukani polepole, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, bila kuushikilia pale mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa pampu huumia. Mimi nikiwa na tochi chini. Dakika kumi, kumi na tano. Poda ikabaki nyeupe. Hakuna kitu!

Mjomba akalegeza kile kibano cha mfuko wa mpira wenye mikunjo ulioko mwisho wa raki, akaufunua. Sili za raki zikiwa zimekufa, mafuta hujikusanya humo ndani. Palikuwa pakavu. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Pakavu. Raki haikuwa na hatia.

"Sasa inatoka wapi?" kijana akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu pesa kichwani.

"Fungua kikopo," mjomba akaniambia.

Ndani ya kikopo mafuta hayakuwa mekundu tena. Yalikuwa povu la waridi, kama chai ya maziwa inayotaka kufurika, na pampu ilikuwa ikilia kwa sauti nyembamba. Povu maana yake ni hewa. Na hewa iliingia wapi ikiwa hakuna mahali panapovuja?

Hapa ndipo penye utamu wa somo, nami naomba usome taratibu. Pampu ina pande mbili. Upande mmoja huvuta mafuta kutoka kikopo, upande mwingine huyasukuma kwenda kwenye raki kwa nguvu nyingi. Tundu likiwa upande wa kusukuma, mafuta hufoka injini ikiwa imewashwa, nawe utayaona. Likiwa upande wa kuvuta, mambo hugeuka. Umewahi kunywa soda kwa mrija uliotoboka? Ukivuta, soda haitoki kwenye tundu; hewa ndiyo inayoingia, na mdomoni unapata mapovu. Ndivyo ilivyokuwa. Injini ikiwaka, tundu linavuta hewa na kwa nje panabaki pakavu. Injini ikizimwa, mvuto unakoma, mafuta ya kikopo yanashuka kwa uzito wake na kutona kupitia tundu lile lile, usiku kucha, mtu akiwa amelala.

Tukazima injini, tukanywa chai. Baada ya kama nusu saa poda ilikuwa imeandika jibu: uzi mwembamba mwekundu ukichuruzika kutoka mahali ambapo bomba dogo la kuingizia mafuta linakutana na pampu.

Bomba lile lilishikwa na bolti moja tu. Ndani yake mlikuwa na ringi ya mpira, mafundi huiita oringi, ambayo ingetakiwa kuwa laini kama ufizi. Ilikuwa ngumu kama ukucha na imebapa upande mmoja. Si lawama kwa waliotengeneza gari. Mpira unaokaa miaka mingi karibu na injini ya moto huzeeka kama kitu kingine chochote.

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta wengi wetu tunaipenda, lakini kwa gereji ina upungufu: haikuambii ujue kwanza ufa uko ukuta gani. Kijana yule alikuwa karibu kujenga ukuta mzima upande usio na ufa.

Nilitumwa duka la spea na oringi kuukuu mkononi. Muuzaji alinipa ya kwanza aliyoiona, ya mfereji wa maji, inayolingana kwa ukubwa. Nikaikataa, kwa kuwa mpira wa maji ukikutana na mafuta huvimba na kuharibika. Ile inayostahimili mafuta ilipatikana baada ya kupekua kopo zima, na ilikuwa ya pesa kidogo mno. Mjomba pia hataki kusikia habari ya kupaka silikoni mahali hapo. Kipande kikikatika, kitavutwa ndani ya pampu, na utakuwa umenunua ugonjwa mpya.

Tulifuta mfereji wa ringi kwa kitambaa kisicho na nyuzi, tukaipaka oringi mafuta yale yale mekundu, tukafunga bolti bila kuikaza kwa hasira. Mafuta yenye povu yakanyonywa kutoka kikopo, mapya yakatiwa. Ikabaki kutoa hewa. Magurudumu ya mbele yaliinuliwa kwa jeki na gari likakalishwa juu ya stendi imara, injini ikiwa imezimwa, nami nikazungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara ishirini hivi, huku mjomba akiongeza mafuta kila yaliposhuka. Ndipo injini ikawashwa. Mlio ukapungua, kisha ukanyamaza kabisa.

Wakati nikizungusha nililifikiria neno lenyewe. Usukani ni neno la vyombo vya baharini kabla ya kuwa la magari. Wasafiri wa majahazi walilitumia kabla ya matairi kufika pwani yetu, na mshika usukani akaitwa msukani. Ajabu ni kwamba sisi wa bara, tunaosema hatujui bahari, tunalishika neno lake kila tunapoingia kwenye gari.

Kijana aliliendesha hadi Thika, akapita Juja, akarudi. Safari ya kilomita kama arobaini kwa jumla. Mafuta kikoponi yalikuwa mekundu na tulivu. Gari likalala tena juu ya katoni mpya, na asubuhi katoni ilikuwa kavu, isipokuwa alama za paka aliyepita. Alilipa oringi, mafuta na kazi ya mjomba, akapiga simu palepale kumwambia dada yake aende akajiandikishe.

Zoezi kwa wanachama: Tunga sentensi tano ukitumia kutona, kuchuruzika, kutiririka, kufoka na kutoa jasho, kila moja kwa chombo tofauti, wala si gari. Pili, eleza kwa aya moja kwa nini poda ilibaki nyeupe injini ilipokuwa ikiwaka. Tatu, waulize mafundi wa mtaani kwenu wanaiitaje raki, na ikiwa wana jina zuri kuliko hili, liandike. Majibu yapelekwe kwa katibu wa chama kabla ya mwisho wa muhula.