Mtoto Ambaye Herufi Zinamshinda



Hapa Bihambwe, kama mahali pengine, yuko mtoto ajibuye vema kwa mdomo, ahesabuye ng'ombe wa baba yake pasipo kukosa, lakini akipewa chaki anashindwa. Herufi b inageuka d, na neno "mbuzi" linatoka "buzi". Wengine humwita mvivu, wengine husema amelogwa. Maneno hayo yote mawili si kweli.

1. Shida hii ni nini?

Ni ugumu wa kuunganisha sauti na herufi, nao mara nyingi huonekana kwa watu wa jamaa moja. Hauambukizi, wala si alama ya upumbavu. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika habari za mvulana wa miaka 14, jina lake Percy, ambaye hata jina hilo aliliandika "Precy". Mwalimu wake alishuhudia kwamba, kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angewapita wenzake wote.

2. Tupambanue kwanza

Si kila akosaye ana shida hiyo. Mtoto asemaye Kinyarwanda nyumbani aweza kuandika "kurara" badala ya "kulala", kwa kuwa sikio lake halijazoea kutenga sauti hizo mbili. Aliyekosa shule miezi mingi kwa ajili ya vita hajui kwa sababu hakufundishwa. Mwingine haoni ubao au hasikii vizuri. Huyo apelekwe hospitali. Lakini aliyefundishwa sawa na wenzake kwa lugha aifahamuyo, mwenye macho na masikio mazima, naye akabaki nyuma mwaka hata mwaka, ndiye tunayemsema.

3. Namna ya kumsaidia

Kwanza, sauti itangulie herufi. Apige kofi kwa kila silabi: ma-ha-ra-gi.

Pili, mkono na jicho vijifunze pamoja. Achore herufi kubwa kwa kidole mchangani, au aipange kwa punje za mahindi, huku akiitamka. Ndipo ashike kalamu.

Tatu, zile zinazofanana zitengwe. Usifundishe b na d katika juma moja. Ya kwanza izoeleke kabisa, ndipo ya pili ifuate.

Nne, aseme kabla ya kuandika. Atamke "Mama anapika viazi", ahesabu maneno matatu kwa vidole, kisha aandike neno baada ya neno.

Tano, usisahihishe yote kwa mara moja. Chagua kosa moja la siku hiyo, na usifu lililo sawa. Mpe muda kuliko wenzake. Na ukitaka kujua kama ameelewa somo lingine, mwulize kwa mdomo.

Sita, atumiaye mkono wa kushoto aachwe autumie.

Robo saa kila siku yafaa kuliko saa tatu za siku moja.

4. Kwa nini tusimwache?

Serikali ya Kongo ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma mwaka 2019, madarasa mengi yalijaa. Mwalimu mmoja hawezi kuketi na kila mtoto. Yafaa mzazi, kaka au dada amsaidie. Mtoto anayechekwa kila siku huchoka na kuacha shule, na mashimo ya koltani ya Rubaya hayako mbali. Tena, akiisha kuwa mtu mzima, atatia kidole chini ya karatasi ya shamba asiyoweza kuisoma, na shamba laweza kupotea.

Nawe mkatekumeni uliye mtu mzima, ambaye herufi zilikushinda utotoni, njia hizi ni zako pia. Anza na herufi za jina lako.

Maulizo

U. Je, fimbo humfundisha mtoto huyu kuandika?
J. Hapana. Fimbo humwongezea hofu, na mwenye hofu husahau hata alichokijua.

U. Tutamtambuaje?
J. Hujibu vizuri kwa mdomo, lakini hukosa sana katika kuandika, ingawa amefundishwa.

U. Kazi ya juma hili ni nini?
J. Kuketi na mtoto mmoja wa namna hiyo robo saa kila siku, na kumfundisha herufi moja tu.